Chuma Kinachosuka Masizi

Simama kidogo penye vibanda vya mafundi wa kuchomelea pale Changamwe, umtazame fundi anapowasha mtambo wake. Hufungua asetilini kwanza, akaitia moto kabla hajafungulia oksijeni. Kwa sekunde chache mwale huwa wa rangi ya chungwa, mlegevu, na juu yake hupaa vijiuzi vyeusi vya masizi, vyepesi kuliko unyoya, vikaenda kutua kwenye nguo zilizoanikwa ua wa pili. Kisha oksijeni huingia, mwale ukajikaza na kugeuka buluu, na masizi yakakatika.

Masizi yale ni kaboni. Molekuli ya asetilini ina atomu mbili za kaboni na mbili za hidrojeni, na hewa isipotosha, kaboni hubaki bila kuungua, ikajikusanya ovyo ovyo. Sasa chukua gesi ile ile, ipitishe ndani ya bomba la kwatzi lililolazwa kwenye tanuri la nyuzi 750 za Selsiasi, pasiwe na oksijeni, na njiani uwe umeiwekea chembe za chuma zenye upana wa nanomita 2 au 3. Unywele wa mtu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita, kwa hiyo chembe hizo hazionekani ila kwa darubini ya elektroni. Kaboni ile ile iliyochafua nguo za jirani itajipanga pembesita kwa pembesita mpaka ifanye mrija, ule uitwao kwa Kiingereza carbon nanotube: mtupu ndani, ukuta wake mnene kadiri ya atomu moja tu, na urefu wake unaweza kufika mara milioni ya upana wake.

Kilichobadilika ni chuma. Nikiwauliza wanafunzi wangu wa kemia chuma kimefanya nini pale, wengi hunijibu mara moja: ni kichocheo, kinaharakisha mmenyuko na chenyewe hakitumiki. Jibu hilo si la uongo, lakini linaacha nje karibu kila jambo lililo muhimu. Neno kichocheo si geni Mombasa. Mtambo wa kusafishia mafuta, uliofanya kazi hapo hapo Changamwe tangu 1963 hadi 2013, ulikuwa mahali ambapo watu wengi wa mji huu walijifunza kwamba metali inaweza kugeuza molekuli moja kuwa nyingine. Lakini kwenye usafishaji wa mafuta, kinachotengenezwa hugusa kichocheo kikaondoka zake. Mrija wa kaboni hauondoki. Unaota juu ya kichocheo chenyewe, umeshikana nacho tangu atomu ya kwanza hadi ya mwisho, na jinsi walivyoshikana ndiyo inayoamua utakuwa mrija wa namna gani. Ndiyo maana nasema metali hapa ni msusi. Kubuni kichocheo cha mirija ni kumtafuta msusi anayejua kusuka mtindo mmoja, asibadilishe.

Mirija hii ilionekana kabla ya kupata jina. Mwaka 1952, L. V. Radushkevich na V. M. Lukyanovich wa Muungano wa Kisovieti walichapisha picha za nyuzi za kaboni zilizo wazi ndani, zilizoota juu ya chuma katika gesi ya monoksidi ya kaboni. Makala yalikuwa kwa Kirusi, Vita Baridi vimepamba moto, na nje ya nchi yao wachache waliyasoma. Mwaka 1976 Morinobu Endo na wenzake wakaonyesha nyuzi za aina hiyo zilizooteshwa kutokana na benzeni. Mwaka 1991 Sumio Iijima wa kampuni ya NEC, Japani, akachunguza kaboni iliyoachwa na tao la umeme akakuta mirija ndani ya mirija, na hapo ulimwengu ukaamka. Kwa mtu anayejali vichocheo, hata hivyo, mwaka mkubwa ni 1993. Makundi mawili yalitangaza wakati mmoja kuwa yamepata mirija ya ukuta mmoja: Iijima na Toshinari Ichihashi kwa kutumia chuma, na Donald Bethune na wenzake wa IBM, Marekani, kwa kutumia kobalti. Mirija ya kuta nyingi ilikuwa imetokea kwenye tao la umeme bila metali yoyote. Ya ukuta mmoja haikutokea mpaka metali ilipotiwa.

Shira na kofia

Maelezo yanayotajwa mara nyingi kuhusu kazi ya metali yana mzizi katika majaribio ya Terry Baker na wenzake, waliochapisha mwaka 1972 jinsi asetilini inavyoacha nyuzi za kaboni juu ya nikeli. Gesi hutua juu ya uso wa chembe, metali ikavunja vifungo kati ya kaboni na hidrojeni. Hidrojeni hujiunga yenyewe kwa yenyewe ikapeperuka. Kaboni huzama ndani ya metali kama sukari ndani ya maji.

Aliyewahi kupika kaimati anaijua hatua inayofuata. Shira hupokea sukari, ikapokea, mpaka ikafika mahali haipokei tena, na ukiizidisha hufanya chenga. Chenga zile hazianzii katikati ya shira. Huanzia ukingoni mwa sufuria au kwenye kijiko kilichosahaulika ndani. Chembe ya chuma nayo hujaa kaboni kupita kiasi chake, na kaboni hutoka kwenye uso wake. Tofauti ni kwamba shira huganda kwa sababu inapoa, na chembe ya chuma haipoi. Inalazimika kutoa kwa sababu gesi haiachi kuleta.

Kaboni inayotoka hufanya kwanza kitu mfano wa kofia juu ya chembe. Kofia hiyo ni pembesita tupu, isipokuwa pembetano sita zinazoikunja iwe na mviringo. Kisha kofia hunyanyuka, na kila kaboni mpya huingia chini, kwenye mzingo ule ambapo kofia inagusana na metali. Ikiwa chembe imeng'ang'ania pale ilipolala, mrija huota kama unywele kutoka kwenye ngozi. Ikiwa haikushika vizuri, mrija huinyanyua, ikawa inasafiri kileleni.

Kwa nini chuma, kobalti na nikeli, na si metali nyingine? Zamani jibu lilikuwa ni kule kunywa: hizi tatu huyeyusha kaboni kwa kiasi cha kadiri. Dhahabu, fedha na shaba hazinywi karibu chochote. Lakini mwaka 2006 kundi la Yoshikazu Homma, Japani, likaotesha mirija juu ya chembe za dhahabu, fedha na shaba zilizofanywa ndogo sana. Jibu la kunywa likapungukiwa nguvu. Kumbe kaboni inaweza kutembea juu ya uso tu na bado mrija ukapatikana.

Naona swali lenye maana zaidi ni lile la kushika. Fikiria ukingo wa mrija unaoota. Kila atomu ya kaboni pale ukingoni ina mkono mmoja usio na wa kuushika, na mkono huo unatafuta pa kujishikiza. Metali ikiushika vizuri, ukingo hubaki wazi na kaboni mpya inaweza kupenya. Metali ikiushika kwa ulegevu, mikono ile hushikana yenyewe kwa yenyewe, mrija ukajifunga kama mdomo wa mfuko, na mchezo ukaisha. Mwaka 2008 Feng Ding na wenzake walipiga hesabu za kompyuta wakaonyesha kuwa chuma, kobalti na nikeli hushika kwa nguvu inayotosha kuweka ukingo wazi, na kwamba shaba, paladi na dhahabu hushika kwa unyonge. Basi je, tutafute metali inayoshika kwa nguvu kupita zote? La. Ikipenda kaboni kupita kiasi hujenga nayo kabidi imara, yaani kiwanja kigumu cha metali na kaboni, ikawa kaboni inaingia na haitoki, au ukingo unaganda mahali pamoja. Kichocheo kizuri ni kile kinachoshika na kuachia, kikashika tena, mara nyingi kwa sekunde.

Hapo ndipo wazo la kuchanganya metali lilipozaliwa. Moja ishike, nyingine ivunje gesi, nyingine ikae tu ya kwanza isikimbie. Mfano ninaoupenda ni wa kobalti na molibdenamu, kazi ya Daniel Resasco na wenzake katika Chuo Kikuu cha Oklahoma. Juu ya oksidi ya silikoni, molibdenamu huikamata kobalti ikaiweka imetawanyika, isijikusanye kuwa matonge. Gesi ya monoksidi ya kaboni inapofika, molibdenamu hugeuka kabidi, na kobalti hufunguliwa kidogo kidogo, vikundi vya atomu chache, kila kikundi kikaota mrija wake mwembamba. Kobalti peke yake katika joto lile ingekuwa imeshaungana kuwa chembe kubwa zisizofaa.

Kuzuia wakubwa wasiwale wadogo

Hilo la kuungana ni balaa la kila siku katika maabara. Njia ya kawaida ya kuandaa chembe ni kupaka juu ya kipande cha silikoni tabaka la chuma lenye unene wa nanomita 1, yaani atomu nne hivi, kisha kulipasha moto katika hidrojeni. Tabaka hukatika likawa matone, kama maji yanavyojikusanya juu ya jani la mgomba. Lakini chuma hakiwekwi moja kwa moja juu ya silikoni, maana vitu hivyo viwili huungana vikapotezana. Kati yao hutandikwa oksidi ya alumini, nanomita 10 au zaidi kidogo. Tandiko hilo linaonekana kama jambo dogo, na watu wengi hulipita haraka. Kwangu mimi ni nusu ya kichocheo. Oksidi ileile ikipakwa kwa njia nyingine, chuma kilekile hakioteshi kitu.

Matone yakishapatikana hayatulii. Atomu za chuma huchomoka kwenye tone dogo, zikatembea juu ya tandiko, zikaingia kwenye tone kubwa. Dogo huzidi kudhoofu, kubwa likazidi kunenepa. Wakati huohuo chuma kingine huzama ndani ya tandiko kisionekane tena. Na juu ya yote, kaboni chafu, ile isiyopangika, hufunika tone mpaka gesi isilifikie. Ndiyo maana kwa miaka mingi mirija ilikuwa ikiota dakika chache tu na kukoma.

Mwaka 2004 Kenji Hata na wenzake katika taasisi ya AIST, Tsukuba, Japani, walitia katika gesi ya ethilini kitu ambacho kila mtu alikuwa akikiogopa: mvuke wa maji, kidogo mno. Msitu wa mirija ya ukuta mmoja uliinuka milimita 2.5 kwa dakika 10, na usafi wake ulizidi asilimia 99.9. Maelezo ya kwanza yalikuwa rahisi: maji huunguza kaboni chafu na kuiacha ile iliyopangika, kwa sababu iliyopangika ni ngumu zaidi kuungua. Ni kazi ileile ya oksijeni ya fundi wetu wa Changamwe inapokata masizi, ila hapa inafanywa kwa upole. Baadaye, mwaka 2009, watafiti wa Marekani wakiwamo Placidus Amama na Benji Maruyama walionyesha kuwa maji yana kazi ya pili: yanazuia matone makubwa kuwala madogo. Shigeo Maruyama wa Chuo Kikuu cha Tokyo alikuwa ameshafika karibu na hapo mwaka 2002 alipotumia ethanoli, ambayo imebeba oksijeni yake ndani ya molekuli.

Ipo na njia ya kuacha tandiko kabisa. Ferosini, molekuli yenye atomu moja ya chuma katikati, hupulizwa pamoja na gesi, ikavunjika hewani ndani ya tanuri, na chembe za chuma zikaota mirija zikiwa zinaelea. Hutiwa na salfa kidogo, inayokaa juu ya uso wa chuma na kubadilisha jinsi kinavyopokea kaboni. Mwaka 2004 kundi la Alan Windle, Cambridge, lilivuta mirija kutoka katika tanuri la namna hiyo likaizungusha kwenye kigurudumu, uzi mmoja usiokatika. Kwa anayetaka kamba au waya, njia hii inatosha, na hana haja ya kuuliza mrija mmoja mmoja ni wa aina gani.

Ukili

Anayetaka transista, yaani swichi ndogo za umeme zinazojenga kompyuta, lazima aulize. Na hapa ndipo pagumu hasa.

Shangazi yangu wa Kisauni hushona vikapu vya ukili. Husuka miyaa ikawa ukanda mrefu, kisha akauanzia kitakoni, akauzungusha na kuushona ubavu kwa ubavu, ukipanda. Siku moja nilikaa naye nikamweleza kazi ninayosomesha. Alisikiliza, sindano haikusimama, halafu akaniambia, "Kitako kikikaa upande, mwanangu, kikapu chote kitakwenda mrama, na huwezi kukinyoosha juu." Sikuwa na la kuongeza.

Ukuta wa mrija wa kaboni ni shuka la pembesita, lililokunjwa ncha zikakutana. Linaweza kukunjwa sawasawa, likaweza kukunjwa mshazari kidogo, au mshazari zaidi, kama unavyoweza kuukunja mkeka ili mistari yake ikutane, au ipishane kwa mstari mmoja, miwili, mitatu. Wanasayansi huandika ukunjaji huo kwa namba mbili: (6,5), (12,6), (16,0), na kadhalika. Sheria ya kushangaza ni kwamba namba hizo mbili ndizo zinazoamua tabia ya umeme. Toa ndogo kwenye kubwa. Jibu likigawanyika kwa 3 bila baki, mrija hupitisha umeme kama metali. Likibaki chochote, mrija ni semikondakta, unaoweza kuwashwa na kuzimwa. Kaboni ni ileile, pembesita ni zilezile, kilichotofautiana ni mshazari tu. Ukiotesha bila kuchagua, takriban theluthi moja itakuwa ya metali, na mrija mmoja wa metali ndani ya transista huacha umeme upite hata pale unapotaka uzime.

Wengi hudhani dawa ni kutengeneza chembe zenye ukubwa mmoja, kwa kuwa upana wa mrija hufuata upana wa chembe. Hebu tupige hesabu tuone. Mrija wa (12,6) una upana wa nanomita 1.24. Mrija wa (11,7) una 1.23. Wa (14,3) pia 1.23. Wa (16,0) una 1.25. Wa kwanza, 12 toa 6 ni 6, ni metali. Watatu waliobaki ni semikondakta. Tofauti kati yao ni sehemu ya mia ya nanomita, na umbali kati ya atomu mbili za kaboni zilizoshikana ni nanomita 0.142. Yaani ili utenganishe mirija hii kwa ukubwa wa chembe, ungehitaji kupima chembe kwa kipimo kidogo mara kumi kuliko umbali wa atomu na jirani yake. Chembe imetengenezwa kwa atomu. Haiwezekani iwe na kipimo hicho. Ukubwa hufikisha mlangoni, hauingizi ndani.

Kinachobaki ni umbo: jinsi atomu za metali zilivyopangwa pale zinapogusana na ukingo wa kaboni. Na hapo chuma kina udhaifu mkubwa. Kipande cha chuma huyeyuka kwa nyuzi 1538. Kikichanganyika na kaboni kwa kiasi fulani, huanza kuyeyuka kwa nyuzi 1147. Kikifanywa chembe ya nanomita 2, hushuka tena, kwa sababu atomu nyingi ziko juu ya uso na hazina majirani wa kutosha wa kuzishikilia. Basi ndani ya tanuri chembe ya chuma ni kama tone, au kitu kilicho katikati ya tone na jiwe, kinachogeuka umbo kila kukicha. Msusi wa namna hiyo hana mtindo wake, hufuata kofia yoyote iliyojitokeza.

Hata hivyo matone yana upendeleo wao, na sababu yake inarudi kwenye kikapu. Mwaka 2009 Feng Ding na Boris Yakobson walieleza kuwa mrija uliokunjwa mshazari huota kama ukili unavyoshonwa: kila wakati ukingoni pana kidato, mahali ambapo mzunguko mpya unaishia na ule wa zamani unaanzia, na kaboni mpya hukaa pale bila taabu. Kidato husogea mbele, kikazunguka, mrija ukapanda. Mrija wa (16,0) hauna kidato. Kila safu ikijaa, lazima safu mpya ianzishwe juu ya ukingo laini, na kuanzisha ndiko kunakogharimu. Kwa hiyo mirija yenye mshazari mkubwa huota haraka, isiyo na mshazari huburuta miguu. Ukitia pia ugumu wa kuanzisha kofia yenyewe, hesabu huangukia kwenye mirija iliyo jirani na ile ambayo namba zake mbili ni sawa, kama (6,5). Na huo ndio mrija unaopatikana kwa wingi kwenye kobalti na molibdenamu za Oklahoma. Nilipoona nadharia na tanuri vimekutana hivyo, nilifurahi kama mtu aliyeona mwezi.

Metali isiyoyeyuka

Kutoka kwenye upendeleo hadi kwenye uchaguzi kulihitaji ujasiri wa kuacha njia iliyozoeleka. Yan Li na wenzake katika Chuo Kikuu cha Peking walijiuliza: kama tatizo ni chembe kuyeyuka, kwa nini tusitumie isiyoyeyuka? Walichagua tungsteni, metali inayoyeyuka kwa nyuzi 3422, wakaifunga pamoja na kobalti. Hawakuchanganya unga wa hii na ile. Walianza na molekuli ambazo ndani yake tungsteni na kobalti zimeshapangwa kwa hesabu maalumu, wakazipasha moto katika hidrojeni mpaka zikawa fuwele ndogo zenye kobalti saba kwa tungsteni sita. Katika nyuzi 1030, fuwele hizo zilibaki ngumu. Nyuso zake zilikuwa na mpangilio wa atomu unaolingana na ukingo wa mrija wa (12,6), kama ufunguo na kitasa. Matokeo waliyoyatangaza mwaka 2014 yalikuwa zaidi ya asilimia 92 ya mirija kuwa (12,6).

Mwaka 2017 kundi jingine la Beijing, la Jin Zhang, lilichukua wazo hilo likalisukuma mbele kwa kutumia kabidi. Niliposema awali kuwa metali inayopenda kaboni kupita kiasi hugeuka kabidi ikakwama, wao walianzia palepale pa kukwama. Kabidi imeshashiba kaboni. Haiinywi, haibadiliki umbo, kaboni hutembea juu ya uso wake tu. Kabidi ya molibdenamu ina uso unaojirudia mara sita ukiuzungusha mzunguko mmoja, na mrija wa (12,6) nao ukiutazama kwa mdomoni hujirudia mara sita. Kabidi ya tungsteni ilikuwa na uso wa kujirudia mara nne, na mrija wa (8,4) hujirudia mara nne. Uso wa sita ulizaa wa sita, uso wa nne ukazaa wa nne. Tena mirija yote miwili ina namba ya kwanza iliyo maradufu ya pili, jamii ambayo kwenye uso mgumu ndiyo yenye vidato vingi, kwa hiyo ndiyo inayokimbia kuliko jirani zake. Ulinganifu ulichagua nani aanze, vidato vikaamua nani ashinde. Kwangu hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote katika hadithi nzima, kwa sababu ni mara ya kwanza mtu aliweza kueleza kwa karatasi na kalamu kwa nini apate mrija huu na si ule.

Gharama yake ipo. Metali ngumu ni mvivu. Chuma kilichoyeyuka nusu huotesha msitu mzito unaosimama kama nyasi baada ya mvua, na fuwele ngumu hutoa mirija michache zaidi. Transista zinataka mirija iliyolala sambamba, zaidi ya mia katika kila mikroni, yaani nanomita elfu moja, hakuna pengo. Hadi sasa wanaotengeneza kompyuta za mirija wamepita njia ya kuchuja. Kompyuta ya kwanza ya aina hiyo, ya Stanford mwaka 2013, ilikuwa na transista 178, na ya MIT mwaka 2019 ilizidi 14,000. Zote zilitegemea kuotesha mchanganyiko, kisha kuondoa au kukwepa ile ya metali. Kuchuja kunakatakata mirija na kuiachia uchafu wa sabuni zilizotumika, lakini kunafanya kazi leo, na msusi wa kuaminika bado hajatosha.

Utafutaji wenyewe umebadilika. Mchanganyiko wa metali mbili au tatu, ukubwa wa chembe, tandiko, joto, gesi, maji: vitu hivi vikizidishwa pamoja havimalizwi na maisha ya mtafiti mmoja. Benji Maruyama, niliyemtaja kwenye habari ya maji, na wenzake katika maabara ya utafiti ya Jeshi la Anga la Marekani, walionyesha mwaka 2016 mashine inayootesha mirija kwa mwanga wa leza, ikapima yenyewe kasi ya kuota, kisha ikajichagulia jaribio linalofuata bila kumngoja mtu. Mashine hiyo haijui kwa nini. Inajua tu lililotokea, na inajua haraka.

Na kuna jambo moja ambalo wasomaji wa habari za (12,6) mara nyingi hulisahau katika shangwe. Rudi kwenye hesabu: 12 toa 6 ni 6, na 6 inagawanyika kwa 3. Mrija huo uliopatikana kwa ustadi mkubwa hivyo ni wa metali. Unafaa kwa waya, haufai kuwa moyo wa transista. Ule wa (8,4) ni semikondakta, lakini upana wake ni nanomita 0.83 tu, na mrija mwembamba hivyo ni mgumu kuunganishwa na waya bila umeme kukwama mlangoni. Kinachotakiwa ni semikondakta mpana zaidi, karibu na nanomita 1.2 au zaidi kidogo: kwa mfano ule wa (11,7), mwembamba kuliko (12,6) kwa sehemu ya mia tu ya nanomita. Mrija huo ukiuzungusha haujirudii hata mara moja kabla ya kumaliza mzunguko, kwa sababu 11 na 7 hazina kigawanyo wanachoshirikiana, kwa hiyo ule ufunguo wa ulinganifu uliofungua sita na nne hauna meno ya kuushika. Uso wa metali utakaofanya kazi hiyo itabidi uwe wa mshazari nao, kidato kwa kidato, kama kitako cha kikapu kilichoanzwa upande kwa makusudi.